Tundu la Tangi la Kahe

Kabla sijamaliza mwezi wa kwanza pale karakanani walishanipa jina la Mama Woga. Mimi ni Mama Aika wa Old Moshi, mpaka rangi wa vyuma niliyestaafu, lakini ukienda leo kwenye karakana za Moshi mjini ukamtaja Mama Aika watakuuliza yupi. Ukisema Mama Woga wanakuelekeza mpaka mlangoni. Silikatai. Wazee walisema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio, na kicheko nimekisikia miaka yangu yote ya kazi. Kilio pia nilikisikia, na ndicho kilichonifanya niwaandikie ninyi mnaoanza kushika brashi na mashine ya kuchomelea.

Niliajiriwa wakati kampuni bado ni mali ya umma. Tulikata mabati mazito, tukayakunja, tukayachomelea na kuyapaka rangi. Tulitoa matangi ya maji, mageti, mapaa ya maghala, na mashine za kumenyea kahawa. Wasichana wenzangu wa chuo cha ufundi walikwenda kwenye ushonaji. Mimi nikapelekwa rangi kwa sababu, kama alivyosema bwana mmoja wa utawala, wanawake wanajua rangi. Niliogopa kumjibu.

Niwatembeze mle ndani kama nilivyokuwa natembea kila asubuhi, nikiogopa kitu kimoja baada ya kingine.

Ukiingia getini, mkono wa kushoto kulikuwa na kibanda cha kompresa. Kompresa inabana hewa ndani ya tangi la chuma, na hewa iliyobanwa haina urafiki na mtu. Kabla hujaiwasha, fungua koki ya chini umwage maji. Yakibaki humo, chuma kinaoza kwa ndani huku nje rangi inang'aa, mpaka siku tangi linapasuka na wewe uko karibu. Nilikuwa naligonga kwa spana nikisikiliza sauti yake. Mafundi walikuwa wakiniuliza kama limeitika hodi.

Juu ya banda kubwa ilitembea winchi, imebeba mabati ambayo watu kumi hawayawezi. Kelele za grenda zilikuwa nyingi kiasi kwamba mwendesha winchi hakusikia neno, kwa hiyo tuliongea naye kwa mikono. Kidole juu, pandisha. Kidole chini, shusha. Ngumi, simama. Mjifunze ishara hizo kabla hamjajifunza kitu kingine, na msipite chini ya mzigo hata kama chai inapoa.

Kisha kulikuwa na rola, mashine ya kukunja bati liwe duara. Nguzo tatu za chuma zinazunguka polepole sana, na huo upole ndio unaodanganya watu. Mwendeshaji wake alikuwa Elinami, kijana wa Machame, mcheshi, mla ndizi asiyechoka, na wa kwanza kunicheka. Kwenye rola glavu hazivaliwi, maana ikishika ncha ya kidole cha glavu inameza mkono mzima bila haraka. Elinami alizivaa. Zilikuwa za mtumba, kubwa, za mzungu fulani mwenye mikono kama majembe. Siku rola ilipoishika moja, mkono wake ulichomoka na glavu ikaenda peke yake, ikatokea upande wa pili bapa kama chapati. Alikuja mpaka chumba cha rangi, midomo imekauka.

"Mama Woga," aliniambia, "leo nimeogopa."

"Karibu chamani," nikamjibu.

Tulicheka mpaka machozi yakatutoka. Tangu siku hiyo alikuwa ananiletea ndizi kutoka kihambani kwao, shamba la migomba la ukoo. Nilimpenda kama mdogo wangu, na ninalisema hapa mapema ili mtakapofika mbele mjue nilikuwa namzuia nani.

Mwisho wa banda, mbali na cheche za wachomeleaji, kilikuwa chumba chetu cha rangi, na hapo mkubwa alikuwa Fundi Kundaeli, kaka yake Elinami, baba mmoja mama mmoja. Yeye ndiye aliyenifundisha kazi. Alinifundisha kwamba rangi haifichi kutu, inailea. Alinifundisha kutia kijiti kwenye kopo na kusoma unene wa rangi kwa jinsi inavyodondoka. Ukipuliza, tembeza mkono wote, si kifundo, na usisimame mahali pamoja. Nikikosea hakugomba. Aliichukua karatasi ya msasa, akafuta kazi yangu yote mbele yangu, akaniambia, "Anza." Niliwahi kupaka geti moja la kanisa mpaka nikaliota.

Alinifundisha pia kuogopa thina, maji makali ya kuyeyushia rangi, ingawa mwenyewe hakuiogopa. Moshi wake hauonekani. Ni mzito kuliko hewa, unashuka chini, unajaa kwenye mashimo na matangi kama maji, na mtu anazama humo akiwa amesimama wima. Kwa hiyo kila tulipopaka tangi kwa ndani tulikuwa na utaratibu. Aliye ndani anafungwa kamba kiunoni, na kila baada ya muda anagonga ukuta kwa mpini wa brashi. Aliye nje anajibu. Kimya kikiwa kirefu, unavuta.

"Ukinisikia kimya," Kundaeli aliniambia mara nyingi, "usinifuate. Unasikia? Wanaofuata ndio wanaojaza makaburi. Vuta kamba."

Na tulikuwa na feni. Ilikuwa feni kubwa ya kunyonya hewa, yenye mota yake na bomba nene la turubai. Unachomeka bomba kwenye tundu la tangi, inavuta moshi wote wa thina na kuutupa nje. Ilipiga kelele kama mashine ya kusaga, na hakuna kelele niliyoipenda kama ile.

Sasa niwaambie kuhusu maziwa, maana bila maziwa hamtaelewa lililotokea.

Wapaka rangi na wachomeleaji wote wa Moshi, na nadhani wa nchi nzima, waliamini kwamba maziwa yanasafisha kifua. Umevuta moshi wa kuchomelea, kunywa maziwa. Umepaka rangi siku nzima, kunywa maziwa, sumu inatoka. Sisi tuliliamini zaidi ya wengine, kwa sababu maziwa ni yetu sisi watu wa mlimani. Kule Machame ng'ombe anafungiwa zizini karibu na nyumba, analetewa majani kama mgonjwa anavyoletewa uji, na maziwa yake ni dawa ya kila kitu. Kampuni ilitupatia maziwa kila siku ya kazi. Mama mmoja aliyaleta kwenye kopo la alumini, tukapanga mstari na vikombe. Kundaeli alikunywa kabla ya kuingia tangini na baada ya kutoka. Mimi pia nilikunywa. Ningeweza kusahau maski nyumbani nisigeuke, lakini maziwa nisingeyaacha.

Ndipo ikaja ile miaka ya ubinafsishaji. Kampuni ikauzwa kwa mtu binafsi. Wenzetu wengi walipunguzwa kazi, na sisi tuliobaki tulikuwa tunatembea kwa adabu kama wageni, kila mmoja akihofia jina lake. Mwenye mali mpya aliingiza mashine za mitumba kutoka nje. Moja ilikuwa ya kukunjia mabati, ilifika bila mota. Akauliza mota ipi haina kazi nyingi. Ikatolewa ya feni, ikafungwa kule. Feni ikasukumwa nyuma ya choo, kuku wakataga ndani yake.

Baadaye kidogo akafuta maziwa.

Mngeona siku hiyo! Watu waliokuwa wanaogopa hata kukohoa mbele ya bosi waliweka vifaa chini. Kundaeli ndiye aliyesimama mbele. Alisema maziwa ni afya ya mfanyakazi, na asiyetaka kutupatia afya aje apake mwenyewe. Tulipiga makofi. Nilinyoosha mkono nikauliza, "Na feni je?" Banda zima likaangua kicheko.

"Mama Woga anataka upepo!" alisema Elinami.

Bosi naye alicheka. Alikubali kabla ya mchana. Maziwa yakarudi, tena na maandazi. Tulirudi kazini tukiimba, kama watu waliokomboa nchi. Wanangu, tuligoma kwa ajili ya kikombe, na mashine iliyokuwa inatutunza roho tuliiacha kwa kuku. Ndiyo maana nawaambia, mkidai kitu kazini, kwanza jiulizeni kipi kikikosekana mtu anakufa.

Tangi lenyewe lilikuwa la shamba moja la umwagiliaji huko Kahe. Lilikuwa refu, limelala uani juu ya magogo. Kwenye kichwa kimoja lilikuwa na tundu la kuingilia, duara, usawa wa kifua changu, mabega ya mtu mzima yanapita kwa shida. Kwenye kichwa cha pili, chini kabisa, kulikuwa na bomba la kutolea maji. Ndani lilitakiwa kupakwa rangi nyeusi nzito, jamii ya lami, ambayo bila thina nyingi haitembei kwenye brashi. Jua lilikuwa kali tangu asubuhi na lori la Kahe lilikuwa linangojewa mchana. Nilishika chuma cha tangi nikaondoa mkono, kilikuwa cha moto.

"Fundi, tungengoja jua lishuke," nilisema. "Au tuombe ile mota hata kwa leo."

Kundaeli alikuwa anafuta masharubu. "Nimekunywa lita nzima, Mama Woga. Leo hata ukinipaka rangi tumboni haishiki."

Alijifunga kamba, akapitisha bega moja, kisha la pili, akaingia. Alianzia mwisho kabisa wa tangi, kama inavyopasa, ili arudi kinyumenyume kuelekea tundu asijifungie kwenye rangi mbichi. Mimi nilibaki nje na ncha ya kamba. Akagonga, nikajibu. Akagonga, nikajibu. Moyo wangu ulikuwa unapiga kati ya kugonga kumoja na kwingine, lakini hilo lilikuwa jambo la kawaida kwangu, hata nyumbani maziwa yakichelewa kuchemka naogopa.

Baadaye kugonga kwake kukawa kwa uvivu. Nikamwita atoke apunge hewa. Akanijibu kitu ambacho sikukielewa, kisha akacheka. Kicheko kiliendelea baada ya mahali ambapo mtu huacha kucheka. Lishikeni hili. Mpaka rangi akianza kucheka peke yake ndani ya tangi, mtoeni, msiulize kilichomchekesha.

Nikavuta kamba. Ikaja nyepesi.

Ikaja yote, mpaka kitanzi chake, imeloa rangi nyeusi. Nilielewa papo hapo. Kamba inayolegea kiunoni ikigusa rangi mbichi inaacha michirizi, na Kundaeli hakuweza kuvumilia mchirizi hata mahali ambapo hakuna jicho litakalofika. Alikuwa ameifungua. Nikasikia brashi ikianguka kwenye chuma. Nikainama kwenye tundu, nikaona mbali kule mwisho nyayo za viatu vyake, zimenielekea.

Nilipiga kelele ambayo hata mwendesha winchi aliisikia.

Wa kwanza kufika alikuwa Elinami. Hakuuliza. Alikuwa ameshaingiza kichwa na bega moja tangini nilipomshika mkanda wa suruali nikamvuta kwa nguvu ambazo sijui zilitoka wapi. Alianguka chali. Nikaweka mgongo wangu kwenye tundu, nikashika ukingo wake huku na huku.

"Mama Aika, toka!" Hakuniita Mama Woga. "Kaka yangu yumo humo!"

"Najua yumo. Huingii mpaka hewa iingie."

"Nabana pumzi! Nabana pumzi namburuza natoka!"

"Huwezi kumburuza mtu umebana pumzi. Huwezi, Elinami."

Akanipiga. Mtu aliyekuwa ananiletea ndizi alinipiga begani, kifuani, akanivuta nywele, akilia. Ukingo wa tundu ulinikata vidole. Nataka mjue kwamba sikuwa jasiri hata kidogo. Nilimwogopa Elinami, niliogopa harufu iliyokuwa inatoka nyuma ya shingo yangu, niliogopa zile nyayo. Lakini kulikuwa na hofu moja kubwa kuliko zote, ya kuona jozi ya pili ya viatu humo ndani, na hiyo ndiyo iliyonisimamisha. Nusu shari ni heri kuliko shari kamili. Maneno hayo ni mepesi kuyasema mpaka nusu yenyewe iwe mtu unayemjua.

"Mpira wa kompresa!" nikapiga kelele. "Kule nyuma, kwenye bomba la maji! Pelekeni hewa!"

Wakakimbia. Wakati huohuo mchomeleaji mmoja akaja anasukuma chupa ya oksijeni, amefurahi kwamba amepata wazo. "Hii si ndiyo hewa yenyewe? Tumfungulie!" Nilimkemea mpaka sauti ikakatika. Oksijeni juu ya moshi wa thina, cheche moja tu ya kiatu kwenye kokoto, na pale uani asingebaki wa kusimulia. Mwingine akaburuza mashine ya kukatia chuma kwa moto, ili watoboe ubavu wa tangi. Nikakataa pia. Mwingine akaleta fimbo ndefu ya chuma yenye ndoano, hiyo nikaikubali na nikaipisha ipite kwapani mwangu, lakini haikumfikia. Hivyo ndivyo nilivyoonekana mbele ya watu, mwanamke amesimama mlangoni mwa mtu anayekufa akisema hapana, hapana, hapana.

Hewa ilipoanza kuingia niliijua kwa mgongo. Moshi wa moto ulitoka kwenye tundu ukanipiga, kichwa kikazunguka, nikageuza uso pembeni nisiuvute. Elinami alikuwa ameshikiliwa na wenzake chini. Alikuwa haniombi tena. Alikuwa ananiangalia tu. Sijui tulisimama hivyo muda gani, na nikisema najua nitakuwa nawadanganya. Nakumbuka kwamba hewa iliyokuwa inapita shingoni ilianza kuwa baridi, na harufu ikapungua makali.

Hapo nikajifunga ile kamba, nikamkabidhi fundi mzee wa mashine za kukata ncha yake, nikaingia mwenyewe. Nilikuwa mwembamba kuliko wote. Nilitambaa kwenye rangi mbichi, nikamfikia, nikajifungua kamba nikamfunga nayo kwapani, nikagonga ukuta. Walimvuta yeye kwanza. Mimi nilitoka nikitapika.

Upande mmoja wa uso wa Kundaeli ulikuwa mweusi wa rangi. Upande wa pili ulikuwa kama wa mtu aliyelala baada ya chakula. Hospitalini walijitahidi, halafu wakaacha. Nilimfuata daktari ukumbini, nikamuuliza lile ambalo nilikuwa naliogopa kuliko yote, kama alikuwa hai bado wakati ule nimesimama mlangoni. Alisema hakuna awezaye kujua. Huenda alikwisha mara tu alipoanguka. Huenda hapana.

Hilo huenda hapana ndilo ninaloamka nalo. Watu hudhani ninachoogopa ni tangi. Ninaogopa kwamba alinisikia nikimkataza ndugu yake.

Nilimuuliza pia kuhusu maziwa. Akaniambia kwa upole kwamba maziwa yanakwenda tumboni na moshi unakwenda mapafuni, havikutani njiani. Tangu hapo nayanywa kwa utamu wake tu. Bosi aliirudisha mota ya feni siku chache baada ya maziko, na kuku wakatafutiwa mahali pengine.

Kwenye maziko huko Machame nilimwendea Elinami kumpa pole. Alitazama juu ya kichwa changu kama mtu anayeangalia kama mvua itanyesha. Watu waliona. Baada ya hapo nilipita kwenye vikundi vya akina mama maneno yakawa yanakatika. Nilikula chakula cha msiba nimesimama.

Na kazini tulibaki pamoja, mimi na yeye, kwa miaka mingi. Alihamishiwa kwenye winchi. Kazi zikitoka kwenye rola kuja rangi, mimi ndiye niliyekuwa chini nikimwelekeza. Kidole juu, akapandisha. Kidole chini, akashusha. Ngumi, akasimama. Hakuwahi kukosea ishara yangu hata moja, na hakuwahi kunisalimia. Mwanzoni nilikuwa namwambia habari za asubuhi kila siku. Baadaye nikawa naogopa kumwambia, kwa sababu kimya chake kilikuwa kinaniharibia kazi mpaka jioni.

Siku moja wazee wakaja nyumbani Old Moshi. Alikuwemo shemeji yangu mkubwa, kaka wa mume wangu, na mzee mmoja wa ukoo wa akina Kundaeli, mtu wa heshima. Walikula mtori wa ndizi na nyama, wakashukuru, wakakohoa. Nikajua.

"Mama Aika," alianza shemeji, "mambo haya yamekaa mno. Kata isale, uende Machame. Tutakusindikiza."

Kwa ambao hamkukulia mlimani, isale ni lile jani refu la kijani tunalolipanda mipakani mwa vihamba. Ukimkosea mtu ukamwendea umelishika, hawezi kukurudisha mlangoni. Hata kama umemuua mtu wake, akishapokea isale amesamehe. Hatuna kitu kizito kuliko hicho.

"Yule kijana ataupokea mkono wako," alisema mzee wa Machame. "Nimemsikia mwenyewe. Anachotaka ni wewe useme ulikosea. Basi."

Ruwa, Mungu wangu, nilivyotaka! Nilikuwa nimechoka. Nilitaka mtu aniambie shikamoo nikamjibu marahaba, nilitaka ndizi zangu. Ningekata jani lile kwa mikono miwili nikakimbia nalo mpaka Machame bila viatu.

"Isale hubebwa na aliyekosa," nilisema.

"Ni kwa ajili ya amani tu, mama."

"Mzee wangu, shikamoo tena. Nikubalie nikuulize. Pale karakanani kuna vijana wengi, wote wanatuangalia mimi na Elinami. Nikipeleka isale, wataelewa nini? Wataelewa kwamba Mama Woga alipaswa kupisha. Kesho mtu akianguka tangini watakimbilia ndani, mmoja juu ya mwingine. Nitaleta isale kwa wangapi?"

Shemeji alisema nina moyo wa jiwe. Mzee wa Machame alisimama. Aliichukua fimbo yake akaondoka, na mume wangu akawasindikiza peke yake. Niliosha vyombo vyao. Niliogopa kwamba wana haki. Niliogopa Elinami atakufa, au mimi, tukiwa hivyo. Sikupeleka, na hofu hiyo sikuwahi kuizoea.

Nilistaafu miaka michache baadaye. Macho yalikuwa yameanza kuona rangi zote kijivu. Sikuagwa na Elinami, ingawa siku ya mwisho alishusha mzigo wangu polepole sana, kama anashusha mayai.

Mwaka ule mlioniomba niwe nawafundisha ninyi vijana mnaokuja hapa nyumbani, nilikuwa nimekaa barazani nasuka kikapu nilipoona watu wawili wanapandisha njia ya kihambani. Mmoja alikuwa binti mrefu, amebeba ovaroli mpya mkononi. Wa nyuma alikuwa Elinami, nywele zimekuwa nyeupe. Kikapu kilinidondoka. Kwa miaka ile yote nilikuwa nimewaza mambo mengi ya kumwambia.

Hakunitazama. Alisimama mbali kidogo na baraza, akamwambia binti yake, "Huyu ndiye. Umepata kazi ya rangi, basi ukae naye kwanza akufundishe kuogopa." Akageuka kuondoka.

"Shikamoo, mama," alisema binti.

"Marahaba, mwanangu. Karibu ukae." Nikaona nimpe lile swali ninalowapa wote siku ya kwanza, kwa sababu sikujua jambo jingine la kusema. "Niambie. Umesimama nje ya tangi. Ndani ni baba yako, amekuwa kimya. Unafanya nini?"

Hakufikiri hata kidogo. "Naingia, mama."

Elinami alikuwa amekaribia lango. Akasimama. Niliona mabega yake yakipanda na kushuka, nikaogopa kama nilivyoogopa siku ile.

"Huingii," alisema bila kugeuka. "Unasimama mlangoni, unazuia. Hata kama ni mimi."